Baba, Si Ulanzi Uliokulinda

Baba yangu uliyelala Matogoro,

Shikamoo. Sisubiri marahaba, maana hata ulipokuwa hai ulimaliza kwanza kilichokuwa mdomoni, ukafuta sharubu, ndipo ukaitikia, na mtu alikuwa ameshakaa. Kwa hiyo nimeshakaa. Niko barazani kwangu hapa Mfaranyaki, cherehani ni ile ile uliyokuwa unasema inapiga kelele kuliko mashine ya kusaga, na mwenye suruali ameahidi kuifuata mchana huu. Tunajuana. Nina nafasi ya kukueleza jambo lililonikaa moyoni tangu mjukuu wako Skola aolewe.

Baba, si ulanzi uliokulinda.

Najua. Ni vizuri kwamba umelala tayari.

Unakumbuka mvua zikishika, nyumba za jirani zilivyokuwa zinageuka wodi. Huku mtoto anatetemeka juani amejifunika blanketi, kule mwalimu hajaonekana shuleni, na katekista anaongoza sala huku meno yanagongana. Mama ndiye aliyeangushwa haswa. Kila mwaka alilala chali, macho yamezama, sisi tunamkanda kwa maji. Mimi nilipata homa zangu za kawaida, asubuhi nimelala, jioni naulizia ugali. Na wewe, jembe begani, ulipita katikati ya wagonjwa kama mkaguzi wa shule.

"Malaria hainijui," ulikuwa unasema. "Na siku ikinijua, itaniogopa."

Sababu ulikuwa nayo, tena nyuma ya nyumba. Kile kichaka cha mianzi ulichokipanda mwenyewe kilitoa ulanzi, ile pombe ya utomvu wa mianzi, mvua zinapoanza. Mbu nao walikuja mvua zinapoanza. Na wewe huugui. Ukachukua mambo hayo matatu, ukayashona pamoja, ukapata dawa. Sikulaumu. Nimeona watu wenye vyeti wakishona pamoja mawili tu, na wakasikilizwa.

Lakini kuna siku nilikutilia mchanga kwenye kitumbua. Nilikuwa mtoto, tumekaa jikoni, na wewe ulikuwa umeacha ulanzi kwa ajili ya Kwaresima, kama ulivyofanya kila mwaka, toka Jumatano ya Majivu mpaka Pasaka. Mvua ilikuwa inanyesha kwa hasira na mbu wanaimba masikioni. Nikakuuliza, "Baba, na Kwaresima? Mbona huugui na hunywi?"

Ulinitazama kwa muda. Mama, ambaye alikuwa anatetemeka kwenye mkeka, akafunua uso ili asikie jibu.

"Mwilini imebaki akiba," ukasema.

Mama akajifunika tena. Ila mimi tangu siku ile nilijua hesabu yako ina pindo lililofumuka, na mtu wa cherehani akishaona pindo lililofumuka hawezi kuacha kuliangalia.

Mwingine aliyeliona ni mtani wako, Mmatengo wa Mbinga. Mpaka leo sijui kama ana jina jingine zaidi ya Mtani. Yeye kwao ni milimani, kahawa na ukungu, mbu wa huko wanahesabika. Akiteremka kwenda ziwani kumsalimia binti yake, anarudi amebebwa. Ulikuwa unamsubiri mlangoni na maneno tayari.

"Mmatengo akiona mbu mmoja anaandika wosia!"

"Na Mngoni hana damu," anakujibu kutoka ndani ya blanketi, "ana ulanzi. Mbu akikuuma analewa, anasahau alichokuja kufanya."

Mlicheka mpaka Mtani akaomba ndoo. Siku tunakuzika yeye ndiye aliyesimama mbele ya jeneza na kugoma lisipite. Akasema tusubiri kidogo, huenda akiba ya mwilini bado inafanya kazi. Watu walilia na kucheka kwa pamoja. Daktari alikuwa ameandika presha. Hata kufa ulikataa kufa kwa malaria.

Halafu kuna habari ya chandarua. Serikali ilipogawa vyandarua, chako ulikipokea kwa heshima, ukasaini, ukashukuru, ukaenda kukitandaza juu ya kitalu cha kabichi. Dada mmoja mhudumu wa afya wa mtaa akapita kukagua.

"Shikamoo mzee. Chandarua chako kiko wapi?"

"Marahaba. Kiko kazini."

"Kitandani?"

"Kitaluni. Kuku wananisumbua kuliko mbu."

Yule dada alikuwa na adabu, akameza maneno. Akakueleza habari ya mbu pole pole, nawe ukamsikiliza mpaka mwisho, ukamfungia kabichi mbili. Alipoondoka ukaniambia neno ambalo nililisikia kwako maisha yangu yote: "Mbu ni kelele tu. Baridi ndiyo inayoua."

Hapo ndipo ninapotaka kufika, baba.

Wewe usiyemwogopa mbu, uliogopa Juni. Upepo wa Juni ulipoanza kushuka kutoka milima ya Matogoro, ulizunguka nyumba nzima ukituvisha. Sweta juu ya sweta. Nilikwenda shule nimevimba kama gunia la mahindi. "Vaa sweta" ndiyo ilikuwa salamu yako mwezi mzima. Mtoto wa jirani akipita kifua wazi, ulimwita, ukamvisha langu, nami nikavishwa lako. Nilipokuwa na ndevu tayari, nimeoa, nakuja kukusalimia, ulinishika mkono kabla ya kuitikia, ukaona ni wa baridi, ukakasirika kana kwamba nimekutukana.

Na Juni tu, si mwezi mwingine, ulimtaja dada yako Skolastika.

Ulikuwa humtaji sana. Uliweka chai mezani, ukatazama mlangoni, ukasema kidogo kidogo. Mlikuwa watoto, kwenu upande wa Peramiho. Macho yake yalikuwa na unjano. Baridi ikija, mifupa ilimuuma, analia bila sauti. Ulimbeba mgongoni kwenda kanisani na kwenda kwa masista kutibiwa, na ukikimbia aliweka mdomo sikioni kwako: "Kaka, taratibu. Mifupa inasikia." Watu walisema amelogwa. Babu akachinja mbuzi, akachinja na mwingine. Juni moja ulimbeba kwenda, ukarudi mgongo mtupu.

Ulipofika hapo ulinyanyua kikombe na kusema, "Vaa sweta."

Skola alipozaliwa uliomba jambo moja tu, apewe jina la dada yako. Tulimpa. Hatukujua kwamba alikuwa amepewa na kitu kingine.

Mjukuu wako amesomea maabara, baba. Hili hukuliona mpaka mwisho, uliondoka akiwa bado anahangaika na mitihani. Huko chuoni wanajifunza kwa kupimana wenyewe kwa wenyewe, kama sisi mafundi tulivyojifunza kushona kwa suruali zetu. Siku moja amekuja likizo, akasimama hapa barazani.

"Baba, acha kushona kidogo."

"Nashona huku nasikia."

"Hili hutalisikia ukishona."

Nikaondoa mguu kwenye pedeli. Akaniambia kwamba ndani ya chembe nyekundu za damu kuna kitu kinaitwa himoglobini, ndicho kinachobeba hewa tunayovuta. Kila mtu anarithi maelekezo mawili ya kuitengeneza, moja la baba, moja la mama. Ya kawaida wanayaita A. Kuna mengine yana kosa dogo sana, wanayaita S. Ukipata A na S, wewe ni mzima, unalima, unacheza ngoma, huna habari. Ukipata S mbili, chembe zako zinajikunja kama mundu wa kukatia nyasi, zinakwama kwenye mishipa, na maumivu yanaingia mpaka kwenye mifupa. Macho yanaweza kuwa ya njano. Baridi inachochea.

"Ndiyo selimundu," akasema. "Mimi nina A na S. Siumwi, usinitazame hivyo."

Baba, nilikuwa simtazami yeye. Nilikuwa namtazama yule mwingine, aliye mgongoni kwako.

Nikamuuliza nani amempa hiyo S, kwa sauti ya mtu aliyeibiwa. "Wewe au mama," akajibu. Basi tukapimwa. Mama Skola akatoka A mbili. Mimi nikatoka A na S. Ndipo udadisi ukanipanda, nikamwomba na mama yangu, mke wako, naye akapimwe. Akakubali kwa sababu aliambiwa hospitali kuna viti vipya.

Mama ana A mbili. Tulipomsomea akasema, "Kwa hiyo mimi ndiye mzima kamili?"

"Bibi, wote ni wazima," Skola akamwambia.

"Sijauliza wote. Miaka yote ya ndoa yangu mtu ananiita mlaini. Hebu rudia kusoma hapo penye A mbili."

Akarudiwa. Akaomba tena jioni, majirani walipokuja. Ukimsikia anacheka huko juu ya kaburi lako siku ya kupalilia, ndiyo hiyo.

Basi S yangu haikudondoka kutoka mawinguni. Kwa mama haipo. Ni yako, baba. Skola anasema hawezi kuapa kwa sababu wewe hukuwahi kupimwa, lakini hesabu haina mlango mwingine. Akanieleza na lile nililokuwa nalitafuta tangu Kwaresima ile: mwenye A na S, mbu anamuuma kama kawaida, vimelea vya malaria vinaingia kwenye chembe kama kawaida, lakini chembe ya namna hiyo ikivamiwa inaharibika mapema, na bandama inaikusanya na kuitupa kabla vimelea havijazaana vya kutosha. Homa inakuja nyepesi, inapita. Mtoto mwenzake mwenye A mbili analala chali. Si kwamba malaria haikukujua. Ilikujua, iliingia ndani, ikakuta nyumba inabomoka.

"Na babu alivyokuwa mkubwa, mwili pia ulikuwa umeshazoea," Skola akaongeza, maana hawezi kumwachia mtu hadithi nzuri bila kuikata kidogo. "Alikuwa na bahati tu. Ile ile aliyopewa babu, Bibi Skolastika alipewa mara mbili."

Nikaacha kushona siku ile nzima. Wazazi wako wote wawili walikuwa nayo, baba. Kwako wakatoa moja, kwake wakatoa mbili. Kilichokufanya utembee kifua mbele katikati ya wagonjwa ndicho kilichomtoa yeye mgongoni kwako. Hakulogwa na mtu. Wale mbuzi walichinjwa bure. Na wewe, bila kitabu, ulikuwa umeyaona yote mawili: kwamba malaria inakuogopa, na kwamba baridi inaua. Ulichokosa ni uzi wa kuyaunganisha, ukatumia ulanzi.

Ningeishia hapo ningekuwa nimekuletea huzuni, na mimi sikuandika kwa huzuni. Sasa nikwambie habari ya Gervas.

Gervas ni mwalimu wa shule ya msingi, kwao Lituhi, kule ziwani. Skola alimpenda bila kutuuliza, kama ilivyo desturi ya siku hizi. Siku ya kwanza aliyopanga kuja kujitambulisha hakuja, ana malaria. Tukapanga siku nyingine, malaria. Mara ya tatu alifika, amekonda, plasta ya dripu bado iko mkononi. Baba mdogo, yaani mdogo wako yule mkali, akamtazama toka viatu mpaka kichwa na kuniuliza kwa sauti aliyodhani ni ya chini, "Huyu amekuja kuoa au kulazwa?"

Nikakufikiria, baba. Ungemtoa mbio. Mwanamume wa ziwani anayeangushwa na mbu! Ungemwonyesha mianzi na kumwambia arudi akishapona.

Lakini Skola alikuwa na mzigo mwingine. Kule ziwani malaria imekaa karne na karne, na penye malaria ndipo S inapokuwa nyingi, kwa sababu watoto wenye moja walibaki, wakakua, wakaoana. Malaria ndiyo ilikuwa mshenga wao, hawakujua. Kama Gervas naye angekuwa nayo, kila mimba ya Skola ingekuwa na nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mtoto wa S mbili. Skolastika mwingine.

"Kama anayo, nataka tujue tukiwa tumekaa," aliniambia, "si tukiwa tumesimama wodini. Na simwachi. Nataka tu kujua."

Gervas mwenyewe alishaelezwa na alikuwa tayari kupimwa. Tatizo halikuwa yeye, tatizo lilikuwa wakubwa. Kwao mwenye neno la mwisho ni shangazi yake, na Skola hakutaka jambo lifanyike pembeni halafu shangazi alisikie sokoni kwamba kijana wao ameozwa binti mgonjwa. Alitaka lisemwe pale pale kwenye posa, panapoulizwa.

Maana panaulizwa, unajua. Kabla ya mengine yote, mshenga anauliza: kwenu kuna nini? Kuna kifafa? Kuna wazimu? Kuna ukoma? Swali zuri kabisa, la akili. Kosa letu ni jibu. Tangu nimezaliwa sijasikia ukoo uliojibu kingine zaidi ya "kwetu ni safi." Wewe mwenyewe siku unaniposea ulijibu, "Kwetu hakuna ugonjwa, hata malaria," na watu wakapiga makofi.

Nikamwendea Baba mdogo, nikamwomba safari hii aseme ukweli. Alinitazama kama nimemwomba acheze uchi.

"Ukitaja damu watadhani ule ugonjwa mwingine. Watanyanyuka hapo na mbuzi wao warudi ziwani. Binti atabaki kwako mpaka azeeke. Unataka?"

"Sitaki."

"Basi kwetu ni safi."

Sikubishana. Wewe ulinifundisha kwamba mlango ukigoma mtu anazunguka nyuma. Nikaenda kwa Mtani. Siku hizi anaishi kwa mwanawe hapa hapa Mfaranyaki, macho yamepungua lakini mdomo uko palepale. Nikamweleza kila kitu. Alisikiliza amefumba macho, nikadhani amelala.

"Kwa hiyo rafiki yangu alinitukana maisha yake yote kwa kitu alichorithi," akasema hatimaye. "Nitakuja."

Siku ya posa walikaa sebuleni kwangu, wageni upande wa dirisha, sisi upande wa kabati. Shangazi wa Gervas alikuwa katikati yao, mama mzito wa maneno machache, ana kitenge kipya kilichoshonwa vibaya begani, nilijizuia. Skola alikuwa jikoni, lakini vyombo vilikuwa havilii, kwa hiyo nilijua amesimama nyuma ya pazia. Mshenga akasalimu, akazunguka, akafika penyewe. Kwenu kuna nini?

Baba mdogo akakohoa. "Kwetu ni safi."

"Mwongo huyo," ikasema sauti kutoka kwenye kona.

Wageni wakageuka. Mtani alikuwa hata hajafungua macho.

"Nyie wa ziwani msishtuke, mimi ni mtani wao, nina ruhusa. Mngoni anadanganya akiwa amekaa, je akisimama? Marehemu kaka yake huyu alikuwa na dada, Skolastika. Macho ya njano, mifupa inamuuma kila baridi, akafa mdogo. Au mnataka kutuambia alikufa kwa shibe?"

Watu wakacheka. Kicheko kikaisha chenyewe.

"Binti yenu mtarajiwa ana jina lake, na ana kipande cha damu yake. Kipande kimoja. Haumwi, wala si ule ugonjwa mnaoufikiria. Inaitwa selimundu. Na amesema yeye mwenyewe isemwe, kwa sababu amesoma, hakusomea ulanzi kama babu yake. Haya. Na ninyi semeni lenu. Au na ninyi ni safi kama sufuria ya Krismasi?"

Baba mdogo alikuwa amegeuka rangi ya majivu. Mimi nilikuwa natazama mkono wa shangazi, maana watu wazima uso wanauficha lakini mikono hawakumbuki. Ulikuwa unakunja pindo la kitenge, unakunjua, unakunja.

"Mdogo wangu wa mwisho ana kijana wa hivyo," akasema. "Wa mifupa. Tunasemaga ni baridi yabisi."

Akaliachia lile pindo.

"Anakwenda kliniki, anakunywa dawa kila siku, anasoma sekondari. Hajambo. Sikutaka kulitaja hapa. Niliogopa mtatunyima binti."

"Na sisi," Baba mdogo akasema, na sijawahi kumsikia na sauti ndogo vile, "tuliogopa mtamwacha."

"Basi mmeogopana vya kutosha," akasema Mtani. "Leteni wali."

Jikoni kifuniko cha sufuria kikaanguka.

Hata hivyo, baba, sasa hofu ilikuwa imeota mizizi. Kama kwa kina Gervas ipo, basi naye huenda anayo. Akapimwa. Zile siku za kusubiri majibu nilikuwa na nadharia yangu, nikampa Skola bila malipo: mtu anayelazwa na malaria kila mvua, huyo hana S. Angekuwa nayo angekuwa anatamba kama babu.

"Baba, huo si ushahidi. Kuna wenye S wanaougua na kuna wenye A mbili wasiougua. Hiyo ndiyo akili ya ulanzi."

Nikarudi kwenye cherehani. Lakini usiku na mchana niliwaombea wale mbu wa Lituhi wawe wamefanya kazi yao vizuri.

Skola alikuja asubuhi, nashona shati la sare. Hakuniambia niache.

"A mbili," akasema. Akaketi kwenye kigoda cha wateja, akafunika uso kwa viganja, mabega yakawa yanatikisika, nami nikaendelea kukanyaga pedeli kwa sababu sikujua kingine cha kufanya. Lile shati lilikuja kufumuliwa. Nilikuwa nimeshona mfuko mgongoni.

Kwa hiyo hawatazaa mtoto wa S mbili. Na yule mkwe ambaye ungemfukuza kwa udhaifu wake, baba, alikuwa ndiye hasa tuliyekuwa tunamwomba. Namheshimu sana siku hizi. Akiugua nampelekea uji mwenyewe, na mama yangu naye anafika, wanakaa wawili hao wa A mbili wanasimuliana homa walizowahi kuugua kama wanajeshi wastaafu.

Wamepata mtoto wa kiume. Ana jina lako, na hata kabla hajaota meno ana namna yako ya kumtazama mtu kabla ya kumwitikia. Skola alimpima. A na S. Ilikuwa nusu kwa nusu, na ikaangukia kwako. Mtani alipoletewa mtoto amshike, akampapasa kichwa, akasema, "Poleni mbu. Mlevi amerudi."

Usije ukajivuna, lakini. Mtoto analala ndani ya chandarua, kimechomekwa chini ya godoro pande zote, maana mama yake anasema S moja inapunguza makali, haifungi mlango. Kitalu cha kabichi pale Matogoro nimekizungushia fito. Kuku wanapita.

Leo asubuhi upepo umeanza kushuka kutoka mlimani kwako. Niliamka nikakuta nimeshatoka nje na sweta la mtoto mkononi, ambalo Mama Skola alimfumia Skola zamani, la njano. Mtoto hana haja nalo kuliko mtoto mwingine yeyote. Kipande kimoja hakiumizi mifupa. Skola aliniona namvisha juu ya lingine, akafungua mdomo kunieleza, halafu akanitazama, akafunga. Akamshika mikono mtoto akaiingiza yeye mwenyewe, taratibu, mmoja baada ya mwingine.

Nilimwambia ni kwa ajili ya dada yako, mwenye jina lake. Akasema anajua.

Mwenye suruali hajaja. Pumzika, baba, na ukimwona dada yako huko mwambie hakuna aliyemloga, na kwamba safari hii tulikwenda taratibu. Huku Juni imefika.

Nimevaa sweta.

Mwanao, yule wa maswali ya Kwaresima